Marehemu Hawadai Posho

Alasiri ya Jumatano Felista aliteremka kutoka kwenye lori lililokuwa likirudisha matenga matupu Mgeta, akakung'uta majani makavu ya kabichi kwenye sketi yake, akamshukuru dereva, akaanza kupanda njia ya miguu kwenda Mzinde. Begani alikuwa na mkoba mpya wa bluu. Ndani ya mkoba mlikuwa na fulana, kalamu, na paja la kuku alilolifunga kwenye karatasi siku ya mwisho ya semina kwa ajili ya mdogo wake, Severin.

Semina ilifanyika mjini Morogoro, kwenye ukumbi wenye feni mbili, moja nzima. Ilihusu ulevi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mlango umefunguliwa: mitumba iliingia, bia za makopo ziliingia, na vilabu vya pombe vilikuwa vikifunguliwa asubuhi kabla ya zahanati. Serikali ilikuwa ikipunguza watumishi na wakati huohuo inataka kupunguza walevi, na kwa kuwa watumishi ndio waliotangulia kupungua, walevi walibaki hawana mtu wa kuwapunguza.

Daktari Evance, msimamizi wa mradi, kijana mtanashati aliyefunga tai hata wakati wa chai, aliwaeleza wahudumu wa vijijini kwamba dawa ipo na haina gharama. Ni kukaa na mnywaji palepale anaponywea na kumwuliza maswali machache kwa heshima. Umekula? Hiki ni kikombe cha ngapi? Nyumbani wanajua uko hapa? Unakunywa kwa sababu gani? Halafu unanyamaza, unamsikiliza. Muuzaji naye ashauriwe auze chakula, atumie vikombe vidogo, na aliyekwisha kulewa asimwongeze.

"Na nani atakaa nao kila jioni, daktari?" aliuliza Felista. Mzinde nzima ilikuwa na mhudumu mmoja wa afya, naye ndiye huyo aliyekuwa akiuliza.

"Rasilimali watu iliyopo kijijini," alisema Daktari Evance. "Watu wa kujitolea. Lakini nawasihi, wakae na wanaokunywa tu. Msipoteze nguvu kwa wasiokunywa. Mradi ni wa wanywaji."

Felista aliliona hilo ni neno la busara, akatikisa kichwa kukubali.

Severin alikuwa ndiye mnywaji wa kwanza aliyemfikiria. Alikuwa amefanya kazi mjini kwenye kiwanda cha vifungo tangu ujana wake, kwenye mashine ya vifungo vya matundu manne, na watu wa Mzinde walijivunia kwamba nusu ya mashati ya nchi yamefungwa na mtu wa kwao. Kisha milango ikafunguliwa. Mitumba ikaja kwa marobota, na kila shati la mtumba lilikuja na vifungo vyake tayari. Kiwanda kikauzwa, aliyekinunua akazima mashine, na Severin akarudi mlimani na begi moja. Tangu siku hiyo alikuwa akilima kabichi asubuhi bila kusema neno, na ikifika saa kumi anashuka kwenye kilabu cha Mwamvita, na jioni hurudishwa nyumbani na watu wawili, mmoja kila upande. Msimu wa mvua alikuwa ameanguka kwenye ngazi za shamba zilizochongwa mlimani akavunjika mkono. Aliyemfunga mkono huo ni Felista mwenyewe.

Jumapili baada ya misa Mwenyekiti Ernest aliitisha mkutano kwenye kiwanja kilicho juu kidogo ya makaburi. Felista alisimama na fulana yake ya semina akaeleza mradi. Watu walimsikiliza vizuri. Wakatazama maandishi ya fulana, wakasema ni kitambaa kizuri.

"Kuna posho?" mtu mmoja aliuliza.

"Hakuna. Ni kujitolea."

"Na baiskeli?"

"Hakuna."

"Basi hata soda?"

"Soda pia hakuna," alisema Felista.

Watu wakaanza kutazama ukungu uliokuwa ukiteremka mlimani, kama vile hawajawahi kuuona. Mwenyekiti akasema jambo hili ni zuri na litafikiriwa, akaingia kwenye ajenda ya ushuru wa soko, na mkutano ukavunjika.

Kwa hiyo Jumatatu Felista alikwenda kilabuni peke yake. Kilabu cha Mwamvita kilikuwa banda la mabati lenye mabenchi pande tatu na pipa la pombe ya kangara katikati. Mwamvita mwenyewe alikuwa ametoka Kinole, upande wa pili wa milima, na kwa kuwa ni Mwislamu hakuwahi kuonja anachokipika. Wateja ndio waliomwambia kama kimeiva. Alimkaribisha Felista, akamfutia benchi kwa ncha ya kanga, akampa kikombe cha togwa isiyolevya.

Felista alikaa karibu na mdogo wake. "Severin, umekula?"

"Nimekula lile paja lako la kuku."

"Lilikuwa la Jumatano."

"Basi Jumatano nimekula," alisema Severin, akageuka upande mwingine.

Jua lilikuwa linagusa ukingo wa mlima wakati mama yao, Maria, alipoingia mlangoni. Alikuwa amekufa mwaka wa tatu sasa. Alikuwa amevaa sare ya wanawake wa parokia aliyozikwa nayo, rozari mkononi, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Nyuma yake walikuja wengine, kama kumi na kitu, wazee kwa akina mama, wakiinama kupita chini ya bati kwa sababu Mwamvita alilishusha baada ya wao kuzikwa.

Severin aliweka kikombe chini, akasimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa." Maria akamgeukia binti yake. "Tumesikia mnatafuta watu."

"Nani amewaambia, Mama?"

"Kiwanja mmekiweka juu ya vichwa vyetu, tutaacha kusikia? Tumesikia ushuru wa soko miaka yote hii. Hili angalau ni jambo jipya."

Felista aliona ni haki awaambie ukweli mapema. "Mama, hakuna posho."

"Ya kununulia nini?" alisema Maria, akakaa kwenye benchi kati ya watoto wake.

Mwamvita aliuliza jambo moja tu: kama wageni watakunywa. Alipoambiwa hawanywi, akasema basi wakae ukutani, mabenchi ya mbele ni ya wateja. Mzee mmoja, mjomba wa Mwenyekiti Ernest, akamwambia kwamba hata yale matone ambayo wanywaji huwamwagia marehemu chini kabla ya kunywa yakome, maana sakafu imelowana na wao hayawafikii.

Felista aliwafundisha kwa siku tatu nyuma ya zahanati, jioni jua likizama, kwa kuwa kabla ya hapo hawakuweza kutoka. Walikaa kwenye nyasi kwa utulivu kuliko wanasemina wowote aliowahi kuwaona. Hakuna aliyechelewa, wala hakuna aliyeomba ruhusa kwenda msibani. Shida ilikuwa neno heshima. Wote walikuwa wamezoea kusema na watoto wao moja kwa moja, na kufa hakukuwapunguzia.

"Tunamwuliza mnywaji kwa heshima," alisema Felista. "Hatumgombezi, na asiyekunywa hatukai naye. Mama, hebu jaribu."

"Severin," alisema Maria, akiutazama mti kana kwamba ndiye, "umekula, wewe mjinga?"

"Bila 'mjinga,' Mama."

"Huyu nimemnawisha mimi. Leo nimheshimu nini?"

"Ndiyo mafunzo yalivyo."

Maria akafikiri, akaujaribu mti tena, na mara ya nne akafaulu.

Basi kazi ikaanza. Kila jioni marehemu walishuka kutoka makaburini kwa mstari mmoja, wakaingia kilabuni, kila mmoja akakaa na mtu wake. Mama kwa mwanawe, mjomba kwa mpwa, maana kwa Waluguru mjomba ana neno kubwa na hata kaburi halimnyang'anyi. Asiyekuwa na marehemu wa karibu alipewa wa ukoo. Umekula? Kikombe cha ngapi? Nyumbani wanajua uko hapa? Unakunywa kwa sababu gani? Wakishauliza, walinyamaza wakasikiliza. Walikuwa wasikilizaji wazuri kupita kiasi, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuwahi.

Ni vigumu mtu kumaliza jagi mbele ya mama yake aliyekufa. Severin alishuka kutoka jagi hadi vikombe vinne, kutoka vinne hadi viwili. Wanaume walianza kurudi nyumbani kungali na mwanga, wakitembea wenyewe. Zahanatini, waliokuja kushonwa majeraha ya kuanguka kwenye ngazi za mashamba walipungua mpaka Felista akapata nafasi ya kupaka chokaa ukuta. Wanawake walisema viazi vimepaliliwa kwa wakati. Mwenyekiti Ernest, ambaye mjomba wake alikuwa na sauti kubwa, aliacha kabisa, akawa anakunywa togwa huku anatazama chini.

Aliyeumia ni Mwamvita. Pipa lilikuwa linalala na kangara hadi inachacha. Felista alimshauri kama alivyofundishwa: auze chakula. Mwamvita akapika maharage na ndizi, akauza, watu wakala, lakini akasema ukweli wake wazi.

"Mwanangu Shadia yuko sekondari kwa pipa hili. Ndizi anayo kila mtu nyumbani kwake."

"Naelewa, Bi Mwamvita."

"Sikulaumu. Nasema tu ili ujue kwamba dawa hii kuna anayeinywa kwa niaba ya wengine."

Semina haikuwa na somo la mtu kama huyo.

Felista mwenyewe alikuwa na jambo lake. Kila jioni alikuwa kwenye banda moja na mama yake, na mama yake hakuwa na nafasi naye. Alitamani kumweleza mambo ya miaka mitatu: kwamba ule mti wa pichi ulianguka na upepo, kwamba mchumba wake wa Gairo alioa mwingine, kwamba nyumba imekuwa kimya sana.

"Mama," alimwita siku moja, "unaukumbuka ule mti wa pichi?"

"Niko kazini," alisema Maria bila kugeuka, kwa kuwa Severin alikuwa ananyanyua kikombe.

Msimu wa njegere ulipofika Severin aliacha. Jioni moja aliagiza chai, na Maria akamtazama akiinywa yote. Akamshika bega. "Naona kwako nimemaliza," alisema.

Kesho yake hakuja. Marehemu wengine waliingia, Maria hakuwemo. Severin alikaa na chai yake mpaka ikapoa, akitazama mlango. Siku iliyofuata hivyohivyo. Siku ya tatu alimwambia Mwamvita amletee jagi. Alikunywa kikombe cha kwanza haraka. Cha pili kilipofika nusu Maria aliingia akihema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Severin! Umekula?"

"Sijala, Mama," alisema Severin, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kiuzwe.

Habari kama hiyo haikai banda moja. Mwenyekiti Ernest, ambaye mjomba wake naye alikuwa ameacha kuja, aligundua kwamba anahitaji ushauri kuhusu mpaka wa shamba la ukoo, akarudi kwenye kangara. Wengine waliokuwa wameacha wakarudi mmojammoja. Kisha wakaja ambao hawajawahi kunywa. Katekista Andrea, mtu aliyeitetemekea hata divai ya altare, aliingia kilabuni amevaa koti la Jumapili, akaomba kikombe kidogo. Alikunywa akikohoa, akafumba macho, akanywa tena. Mkewe marehemu, Cecilia, akaja akakaa pembeni yake, akakunja mikono mapajani.

"Unakunywa kwa sababu gani, Andrea?" aliuliza, kwa heshima, kama alivyofundishwa.

"Nilitaka kukuuliza ulikoweka ufunguo wa sanduku," alisema katekista.

"Uko juu ya dari, kwenye kopo la unga."

"Ahsante." Andrea akamaliza kikombe. Halafu akamwita Mwamvita amwongeze.

Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Kila mtu alijua, hata Cecilia.

Mwezi haukuisha, pipa la Mwamvita likawa halitoshi. Akaongeza la pili. Mzinde ilikuwa inakunywa kuliko kabla ya semina, ila sasa kwa adabu kubwa: hapakuwa na ngumi wala matusi, maana nani atatukana mbele ya bibi yake. Watu walikaa wawiliwawili, hai na marehemu, wakizungumza kwa sauti ya chini hadi giza linapoingia. Kisha marehemu hupanda makaburini, na walio hai hulala wanapodondokea. Zahanatini Felista akarudia kazi ya kushona majeraha.

Alimkuta Severin shambani asubuhi, kwenye ngazi ya juu kabisa ya kabichi, akipalilia huku macho yamevimba.

"Ulikuwa umeacha," alisema Felista. "Mikono yako ilikuwa imeacha kutetemeka. Nilimwambia kila mtu."

"Samahani, dada."

"Sitaki samahani. Nataka unieleze."

Severin aliegemea jembe. Chini yao lori lilikuwa linapakiwa matenga kwenda Dar, na wachuuzi walisikika wakibishana juu ya kujaza.

"Pale kiwandani," alisema, "msimamizi alikuwa anapita kila asubuhi. Anasimama kwenye mashine yangu anauliza, 'Severin, leo matundu yamekaa sawa?' Kila asubuhi. Namwambia yamekaa sawa. Basi anakwenda kwa mwingine. Sasa nalima, wanaokuja wanauliza bei ya kabichi. Mimi hakuna anayeniuliza. Jioni Mama ananiuliza."

"Mimi nakuuliza kila siku!"

"Wewe unaniuliza maswali ya semina, dada."

"Mama naye anauliza hayohayo! Nimemfundisha mimi!"

"Najua," alisema Severin kwa upole. "Lakini yeye akishauliza hana pa kwenda."

Felista aliteremka mlima kwa hasira, na hasira ilipomwisha njiani akagundua kwamba haikuwa juu ya Severin. Jioni ile aliingia kilabuni, hakukaa upande wa ukutani kama kawaida yake. Alikaa benchi la mbele.

"Nipe kangara, Bi Mwamvita. Kikombe kidogo."

Mwamvita alimtazama. "Una hakika, mwanangu?"

"Nipe tu."

Ilikuwa chachu na ya uvuguvugu. Kabla hajafika katikati, Maria aliyekuwa na Severin aligeuka, akamtazama kwa makini, akasogea kwenye benchi mpaka mabega yao yakagusana. Bega lake lilikuwa baridi kama ukuta wa kanisa asubuhi.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, Mama."

"Nini?" Hilo halikuwemo katika maswali.

"Ugali na mboga ya maboga."

"Kikombe cha ngapi hiki?"

"Cha kwanza."

"Nyumbani wanajua uko hapa?"

"Nyumbani hakuna mtu, Mama."

Maria alizungusha punje moja ya rozari. "Unakunywa kwa sababu gani?"

"Nataka kuzungumza na wewe."

"Sababu hiyo naisikia sana siku hizi," alisema Maria.

Felista alicheka huku machozi yanamtoka, akayafuta kwa fulana ya mradi. Akamweleza mti wa pichi, na mchumba wa Gairo. Maria akasema mti ule ulikuwa na ugonjwa tangu zamani, na mchumba vilevile. Walizungumza mpaka kikombe kikaisha. Ndipo Felista akamwomba kile alichokuwa anakitaka: marehemu waende na kwa wasiokunywa. Waende majumbani na mashambani, wakae na mtu hata kama ana chai mkononi. Hapo watu hawatakuwa na haja ya pipa.

"Kanuni ni yako wewe," alisema Maria. "Wanaokunywa tu."

"Si yangu. Ni ya daktari."

"Basi mwambie daktari. Sisi tuliokufa tukianza kuvunja kanuni, hamtamaliza kutuogopa." Akatazama kikombe kitupu cha binti yake, akasimama, akarudi kwa Severin.

Felista alishuka Morogoro mjini na lori la karoti. Daktari Evance alimsikiliza vizuri, akamwuliza mara mbili kama kweli wahudumu wale hawajadai chochote. Alipohakikishiwa, akasema atakuja kujionea. Alikuja baada ya wiki moja, kwa gari jipya jeupe la mradi lililoweza kupanda mpaka njia panda. Toka hapo alitembea kwa miguu, tai begani, akishikilia nyasi. Alifuatana na mkaguzi mnene aliyekuwa akizunguka wilayani kutafuta watumishi hewa.

Walifika kilabuni jioni, mstari wa marehemu ukiwa ndio unaingia. Mkaguzi alipowaona alifurahi. Akamwendea Maria, akamwamkia, akamwuliza analipwa nini.

"Silipwi," alisema Maria.

"Hata posho?"

"Hata soda."

Mkaguzi alivunjika moyo. Akamweleza Daktari Evance kwamba mtumishi hewa ni mtu ambaye hayupo na analipwa. Huyu yupo, na halipwi. Kwa upande wake hapakuwa na kosa lolote, akateremka kwenda kumsubiri garini.

Daktari Evance alizunguka benchi kwa benchi. Alisikia maswali yakiulizwa kwa mpangilio, kwa heshima, na watu wakijibu kwa kirefu. Alitikisa kichwa kwa furaha. Alisema katika vijiji vyote vya mradi hajaona wanywaji wengi namna hii wakifikiwa kwa wakati mmoja, na kwa gharama ambayo huwezi kuipunguza tena.

Felista alisimama mbele ya watu wote. "Daktari, wanafikiwa wengi kwa sababu wanakunywa wengi. Na wanakunywa ili wafikiwe. Ruhusu wahudumu waende kwa wasiokunywa. Watu wataacha wenyewe."

Katekista Andrea aliweka kikombe chini. Marehemu waliokuwa ukutani waligeuza nyuso.

"Nakuelewa sana, dada Felista," alisema Daktari Evance, na ilionekana kweli anaelewa. "Lakini nitakueleza ilivyo. Wafadhili wametoa fedha kwa ajili ya wanywaji. Mhudumu akienda kwa asiyekunywa, yule si mnywaji, kwa hiyo hajafikiwa. Wakiacha wote, Mzinde haina mnywaji, na kijiji kisicho na mnywaji hakina mradi. Mradi wa wasiokunywa haupo. Nimeutafuta."

"Na anayekunywa kwa sababu hana kazi?" aliuliza Severin kutoka benchi lake. Alikuwa na kikombe cha pili mkononi na mama yake pembeni. "Hiyo iko kwenye mradi?"

"Hiyo ni wizara nyingine," alisema Daktari Evance.

"Wanakuja huku?"

"Sijawahi kuwaona."

Basi kanuni ikabaki. Daktari Evance akatangaza kwamba Mzinde imechaguliwa kuwa kijiji cha mfano, na mradi utaingia awamu ya pili. Kilabu kingepakwa rangi na kuwekewa kibao, na Mwamvita angepewa mabenchi mengine ili wahudumu wasikae ukutani. Kilabu kisifungwe hata siku moja bila kuitaarifu ofisi. Watu walipiga makofi. Marehemu nao walipiga, lakini makofi yao hayakusikika. Mwamvita alipiga kwa nguvu kuliko wote, kisha akamtazama Felista, akaacha.

Hotuba ilipokwisha Daktari Evance hakuondoka. Gari lilipiga honi huko chini, mara moja, kisha mara ya pili. Alilegeza tai. Akakaa kwenye benchi tupu karibu na pipa, akamwomba Mwamvita kikombe, kwa ajili ya kujua tu, alisema, ladha ya kitu anachoshughulika nacho. Alikunywa taratibu, akitazama mlango. Akamaliza. Akaomba cha pili, akanywa, akatazama mlango.

"Kwenu wapi, daktari?" aliuliza Mwamvita.

"Bukoba." Alizungusha kikombe mkononi. "Baba alifariki nikiwa masomoni nje. Sikuwahi mazishi yake."

"Bukoba ni mbali," alisema Mwamvita. "Baba yangu yuko hapo Kinole tu, nyuma ya mlima huu, na hajawahi kuvuka. Na hata akivuka, alikuwa mtu wa msikitini. Humu asingeingia."

"Wewe hujajaribu?"

"Sinywi, daktari."

Mwamvita alimwongezea bila kuombwa. Felista alikumbuka kwamba aliyekwisha kulewa haongezwi, lakini hakusema. Alikwenda akakaa karibu na Daktari Evance, kwa kuwa daktari hakuwa na marehemu wa kwake pale, akawa anausikiliza mlango pamoja naye mpaka walipokuja kumchukua, mmoja kila upande, dereva na mkaguzi.

Rangi ya kilabu ilikuja, na kibao kikaja. Kule mjini jengo la kiwanda cha vifungo likageuzwa ghala la marobota ya mitumba. Felista alijipangia kikombe kimoja, siku za Alhamisi, na hakupitisha hapo. Siku nyingine alishona watu, akiwauliza kwa heshima wameangukia wapi.

Kabla ya Krismasi ikasikika kwamba Daktari Evance ameomba uhamisho, akaanzishe mradi kama ule Bukoba. Ofisi ilimkubalia upesi. Aliyeletwa badala yake alikuwa mzaliwa wa Mgeta, ukoo wake wote umezikwa pale Mzinde. Siku ya ukaguzi wake wa kwanza alifika mapema, akavua koti, akachagua benchi, akanywa mpaka wajomba zake wakaishiwa maswali.